Fundi baiskeli wa barabara ya 13, Ngamiani: anahesabu gololi mbele yako

Nimepanda baiskeli hapa Tanga tangu nikiwa msichana wa sekondari, na mwaka huu nimetimiza miaka 51. Mgeni kutoka bara hushangaa kumwona mama mtu mzima, amejitanda mtandio, madaftari ya wanafunzi ameyafunga kwa mpira wa tyubu kwenye keria, anakatiza Ngamiani kwa pedeli. Sisi wenyeji hatushangai. Asubuhi njia za kwenda soko la Mgandini zimejaa akina mama wenzangu, mmoja kapakia ndoo ya samaki, mwingine kapakia mtoto mbele na mtoto nyuma, kengele zinalia kila kona. Kwa hiyo mji huu hauna uhaba wa mafundi baiskeli. Kila barabara ina wake na kila mtu ana wake anayemsifia. Mimi huyu wangu nimekaa naye miaka miwili sasa, nimemwona kwenye kazi nzuri na nimemwona kwenye kosa, nikaona ni haki nimweleze sawasawa. Na nitaeleza pia alikotoka, maana bila hapo kazi yake huwezi kuielewa.

Baiskeli yangu ni Phoenix ya kike, nyeusi, matairi ya inchi 28, breki za vyuma siyo za waya. Marehemu baba alininunulia mwaka 1998 nilipoanza ualimu. Aliitoa dukani akaisukuma kwa mguu mpaka nyumbani, hakutaka mtu mwingine aipande kabla yangu. Baiskeli ya namna hiyo humwachii kila mtu aishike.

Lakini niliwahi kuiacha. Kabla ya huyu kijana niliipeleka kwenye duka moja la vipuri ambalo sitalitaja. Nilitaka waihudumie tu: wafungue magurudumu, waoshe, watie grisi, wafunge. Niliiacha asubuhi nikaenda kazini, jioni nikaikuta imeshafungwa, inang'aa, nikalipa. Haikupita wiki gurudumu la nyuma likaanza kulia kama mtu anasaga karanga. Niliporudi nikaambiwa baiskeli imezeeka, ninunue habu mpya, ile sehemu ya katikati ya gurudumu zinapoanzia spoki. Nikauliza, mlipofungua ndani mlikuta nini? Hakuna aliyekumbuka. Hela haikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba baiskeli ya baba yangu ilifunguliwa na watu ambao hata hawakutazama walichokifungua.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenielekeza barabara ya 13. Hana kibao. Ametundika rimu kuukuu kwenye tawi la mwarobaini, na chini yake ana kibanda cha mabati manne na sanduku la mbao la vifaa. Niliingia na baiskeli inalia.

"Shikamoo mwalimu." Alijua kwa vumbi la chaki kwenye mkono wa gauni langu.

"Marahaba, mwanangu. Hili gurudumu la nyuma linanipigia kelele."

Hakunijibu upesi. Aliipindua baiskeli ikakaa kwa siti na usukani, akalizungusha gurudumu, akainama akaweka sikio karibu na habu. Kisha akaishika rimu akaisukuma kushoto na kulia. "Linacheza," akasema. "Kaa hapo mama, tufungue tuangalie wote."

Neno hilo "tuangalie wote" sikuwahi kulisikia kwa fundi. Akatandika chini mfuko wa unga uliofuliwa ukawa mweupe, akalegeza nati, akalitoa gurudumu, akafungua koni ya upande wa kwanza, kile chuma kinachozibana gololi ndani ya habu, akainamisha habu juu ya ule mfuko. Gololi zikaanguka na grisi yake iliyogeuka nyeusi. Akazipanga kwa kidole kimoja huku akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka tisa. Upande wa pili akahesabu, akaishia saba.

"Habu ya nyuma ya hii inakaa gololi tisa kila upande," akasema. "Huku zimetimia lakini mbili zimepasuka, ziangalie. Huku mbili hazipo kabisa. Zilizobaki zinatembea ovyo, zinagongana, zinaila koni." Akaifuta koni kwa kitambaa akanipa niishike. Pale gololi zinapopita palikuwa na kijishimo kidogo kama punje ya ulezi, ukipitisha ukucha unakwama.

Nikamwambia ilifunguliwa wapi mara ya mwisho. Hakuwasema vibaya. "Huenda zilidondoka mchangani," akasema, akaendelea.

Akaosha kila kitu kwa mafuta ya taa ndani ya kopo la maziwa, akakausha, akatoa gololi mpya kwenye kibati kidogo, akazihesabu kumi na nane mbele yangu. Akapaka grisi, akazipachika moja moja, tisa, akageuza, tisa. Kukaza koni ndiko alikokaa muda mrefu zaidi. Ukikaza sana gurudumu linabana, ukilegeza linacheza, na kati ya hayo mawili kuna nafasi ya kama robo mzunguko wa spana. Alikaza, akajaribu, akalegeza kidogo, akajaribu tena. Halafu akafanya kitu ambacho nimemwona akikifanya kila mara tangu siku ile: akaligeuza gurudumu valvu ikakaa pembeni, akaliachia bila kulisukuma. Likaanza kuzunguka lenyewe, polepole, kwa uzito wa ile valvu tu. Likapita chini, likapanda kidogo, likarudi, likayumba mara mbili tatu, likasimama valvu ikiwa chini kabisa. "Sasa limekubali," akasema.

Shilingi 5,000, gololi zote kumi na nane na grisi na kazi ndani yake.

Nilipokuwa natoa hela nikamuuliza, "Nani kakufundisha kuhesabu hivyo mbele ya mteja?" Nilitegemea atamtaja fundi aliyemfunza. Akasema, "Baba. Kwenye mkonge."

Hadithi yake sikuipata siku moja. Nimeiokota kidogo kidogo kwa miaka miwili, nimekaa kwenye benchi la jirani nikisubiri pancha. Alizaliwa kambini, kwenye shamba moja la mkonge upande wa Muheza. Kwa asiyejua, kambi ni zile nyumba za safu walizojengewa wafanyakazi wa mashamba, ukuta mmoja familia mbili. Walikuwa sita chumba kimoja. Baba yake alikuwa mkataji, na mkataji halipwi kwa kushinda shambani, analipwa kwa hesabu ya alichokata. Majani thelathini yanafungwa mzigo mmoja. Mnyapara akipita anachagua mzigo wowote anaotaka, anaufungua, anahesabu. Akikuta ishirini na tisa anaukataa, na akishaukataa mmoja anaanza kuitilia shaka safu nzima.

Tangu alipokuwa na miaka tisa, Jumamosi na siku za likizo alifuatana na mama yake shambani. Baba anakata, kwanza anaondoa ule mwiba mweusi wa kwenye ncha ndipo akate jani lenyewe. Mama anakusanya. Yeye kazi yake ni kuhesabu na kufunga. Maji ya mkonge yanawasha, yakikuingia kwenye mchubuko usiku hulali, na aliniambia hilo bila kulalamika, kama mtu anavyokueleza kwamba bahari ya Raskazone ina chumvi.

Siku moja alihesabu vibaya. Alikuwa anamtazama mjusi, anasema, akafunga mizigo minne yenye majani pungufu. Mnyapara akaikuta, akaikataa yote minne ikaachwa kando ya barabara ya shamba. Baba yake hakumpiga. Lakini mkonge ukishakatwa lazima ufike korona mapema, ile mashine ya kusaga majani na kutoa singa, yaani nyuzi za mkonge, vinginevyo unaharibika. Ile mizigo ikabaki palepale, na njia ya kwenda shule ilikuwa ndiyo ileile. Jumatatu akaipita ikiwa imeanza kusinyaa. Jumanne ikageuka rangi. Anasema wiki nzima alikuwa akiipita asubuhi na mchana, mpaka ikakauka ikawa kama ngozi kuukuu, na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuizungumzia.

Mimi ni mwalimu. Darasani tunafundisha kwamba mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, kwamba aliagiza miche 1,000 kutoka Florida na iliyofika hai ni 62 tu, na kwamba kutokana na hiyo 62 yakatoka mashamba yote haya tunayoyapita kwenda Muheza na Korogwe. Nimelifundisha somo hilo zaidi ya miaka ishirini, nimewapa watoto namba hizo waziandike kwenye mtihani. Sikuwahi kusimama nikamfikiria mtoto mwenye umri kama wao anayehesabu majani thelathini, thelathini, thelathini, tangu jua linachomoza.

Alifaulu darasa la saba, akaanza kidato cha kwanza shule ya kutwa mwaka 2014. Ada wakati ule ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na mtu anaweza kusema ni ndogo, lakini ada ilikuwa mlango tu. Nyuma yake kulikuwa na michango, sare, viatu, madaftari, dawati. Katikati ya mwaka 2015 baba yake akaumia mgongo. Kijana akaacha shule akiwa kidato cha pili. Januari 2016 serikali ikafuta ada mpaka kidato cha nne. Ni miezi michache tu imepita hapo katikati, na kila nikiikumbuka miezi hiyo moyo unaniuma, kwa sababu nimemwona akipiga hesabu za spoki kichwani na najua darasani nina wangapi wa kumfikia.

Alikuja Tanga mjini akiwa na miaka kumi na sita, akakaa miaka miwili kwa fundi mmoja mzee kwa malipo ya chakula. Mzee alipoacha kazi akamwachia spana tatu, pampu na ile rimu ya kwenye mwarobaini.

Hapa nataka nieleweke vizuri, kwa sababu nikimsimulia huyu kijana, watu wazima wenzangu hudakia haraka: umeona, shida inafundisha, watoto wa siku hizi wamedekezwa. Sikubaliani nao. Nimefundisha watoto wa shida maisha yangu yote. Nimewaona wanasinzia saa tatu asubuhi kwa sababu wamelala njaa. Nimewaona wavulana hodari wa hesabu wakiacha shule kubeba mizigo sokoni, na baada ya miaka miwili ukikutana nao macho yamezimika. Njaa haimfundishi mtoto uaminifu. Mara nyingi inamfundisha kunyakua na kukimbia, na sina uso wa kumlaumu. Mtoto wa miaka tisa mahali pake ni nyumbani na shuleni, siyo kwenye miiba, na nitalisema hilo hata mbele ya fundi wangu, na nimeshamwambia.

Kilichomjenga, kwa ninavyomwona mimi, ni kitu kingine kilichokuwa ndani ya ile shida. Alipewa kazi ya kweli. Haikuwa kazi ya kumshughulisha mtoto asisumbue. Ilikuwa sehemu ya hesabu ya nyumba, na ikikosewa nyumba nzima inajua. Na wakati anaifanya, baba yake alikuwa hatua tano mbele, anafanya kazi ngumu kuliko yake, na hakumfichia matokeo. Kambi ile ilikuwa na watoto wengi, wote maskini sawa. Yeye mwenyewe anasema wenzake wengine walitumwa tu, chota maji, leta kuni, na wakikosea wanachapwa viboko. Wapo waliotoka vizuri, wapo walioharibikiwa. Umaskini wao ulikuwa mmoja.

Ndiyo maana ukimpelekea baiskeli humkuti anaficha chochote. Ukimwachia ukaenda zako, utakaporudi utakuta kila alichokitoa amekifunga kwenye kipande cha gazeti na kukining'iniza kwenye usukani: tyubu ya zamani, spoki iliyokatika, pini iliyoliwa. Anataka uone ulicholipia. Mara ya kwanza nilidhani ni takataka nikataka kuitupa, akanizuia kwa upole, "Fungua kwanza mama, uhesabu."

Sasa kosa lake, maana nilisema nitalieleza. Siku ile ya kwanza ile koni yenye kijishimo hakuibadilisha. Aliisugua kwa msasa, akaniambia itaenda. Ikaenda wiki tatu. Gurudumu likaanza kulia tena, na safari hii nilikuwa nimetoka Chumbageni na jua la saa saba, nimesukuma kwa mguu mpaka kwake, nimekasirika kwelikweli. Alipofungua, gololi kumi na nane zilikuwepo zote, lakini tatu zilikuwa zimeshachubuka na kile kijishimo kimekuwa shimo.

Aliitazama muda. Akasema, "Hapa nimekosea mimi. Nilikuonea huruma hela ya koni, nikaona bado ina maisha. Haikuwa nayo." Akafunga koni mpya na gololi mpya, na hela akakataa katakata, na nilijua koni ile ameinunua dukani kwa hela yake ya siku hiyo.

Nilisamehe, lakini naliandika kwa sababu siyo mara moja. Huyu ni mtu aliyekulia mahali ambapo hakuna kitu kinachotupwa. Ana makopo saba ya nati na bolti kuukuu, na mara nyingi makopo hayo yamenisaidia, kwa mfano pini ya mkono wa pedeli ya Phoenix ya zamani ambayo madukani sikuipata, yeye aliichimbua humo kwa dakika mbili. Lakini mkono wake unachelewa kusema "hiki kimekufa." Tairi iliyopasuka ubavuni ataitia kipande cha tairi nyingine kwa ndani. Tyubu yenye viraka sita ataitafutia nafasi ya cha saba. Kwa mteja asiye na kitu hiyo ni rehema. Kwa mimi ninayepanda na madaftari arobaini kila siku, siyo. Kwa hiyo ukienda kwake, kama una uwezo, mwambie wazi mapema: kilichochoka badilisha. Ukimwambia hivyo anabadilisha, na hakuongezei bei. Ukinyamaza ataitetea hela yako kuliko unavyotaka mwenyewe.

Jambo la pili siliweki kwenye hesabu ya makosa, lakini linanihuzunisha. Hapumziki. Mama lishe wa jirani humletea sahani yake saa saba, anaifunika kwa sahani nyingine, anaiweka juu ya sanduku. Nimefika pale saa tisa na nusu nikaikuta imefunikwa vilevile, wali umepoa, na yeye kainama kwenye rimu anakaza spoki. Nikamwambia kula mwanangu. Akasema akila atasinzia, na kuna baba anaisubiri baiskeli yake. Huyo baba alikuwa anacheza bao, hana haraka yoyote. Na bei zake ni zilezile za miaka miwili iliyopita wakati tyubu na grisi zimepanda. Nilimuuliza kwa nini hapandishi. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Mteja akiona ghali akaondoka, nitamrudishaje?" Ana wateja wanaopanga foleni mpaka barabarani, lakini ndani yake bado yupo mtu anayemwogopa mnyapara. Hilo nalo kalitoa kulekule alikotoa kuhesabu, na anayesifia malezi ya shida inabidi alitazame pia.

Mwaka jana nilimpelekea mwanangu wa mwisho. Ana miaka kumi na nne, alikuwa amemaliza mtihani wa darasa la saba Septemba, na mbele yake kulikuwa na miezi mitatu ya kukaa na simu mpaka sekondari zifunguliwe. Nyumbani kwangu hakujawahi kukosekana chakula, namshukuru Mungu, na mtoto huyu sikumbuki kama amewahi kufanya kitu ambacho kisipofanyika mtu mwingine anaumia. Nikamwomba fundi amchukue. Akakubali kwa sharti moja: aje saa moja asubuhi, na akija saa moja na nusu arudi nyumbani siku hiyo.

Siku ya kwanza alimpa kopo la mafuta ya taa na gololi za habu ya nyuma za mama mmoja muuza samaki, azioshe azihesabu. Nilikuwa nimempelekea chai, nikasimama kando. Mwanangu akahesabu kumi na saba. Akahesabu tena, kumi na saba. Fundi hakumkemea. Akampa sumaku, ile ya mviringo inayotolewa kwenye spika ya redio iliyokufa, ameifunga kamba, akamwambia apitishe mchangani.

Mtoto akaangalia kile kibati cha gololi mpya kilichojaa, akasema, "Kaka, si tuchukue moja humo?"

"Tutachukua," fundi akamjibu. "Lakini kwanza ya mama wa watu iko wapi?"

Akapiga magoti akaivuta ile sumaku mchangani, mstari kwa mstari kama mtu anayelima. Ikamletea misumari, vipande vya spoki, unga wa chuma, kifuniko cha soda. Wapita njia wanamtazama. Nilitaka kumwambia inatosha, nikajizuia. Ilichukua karibu nusu saa. Gololi ilikuwa imebiringika mpaka kwenye mzizi wa mwarobaini, imekaa kwenye kijipango na majani makavu. Aliposimama nayo mkononi alikuja kunionyesha mimi kwanza, halafu akaenda kumwonyesha yule mama muuza samaki, ambaye hakuwa na habari kama imepotea.

Nisikudanganye kwamba kuanzia hapo alibadilika. Siku ya nane aligoma, akasema amechoka, haendi. Nilikwenda kumwomba fundi radhi, nikiwa na aibu. Akaniambia, "Mwache mama, usimlazimishe. Mimi nami nisingekuwa na njaa ningegoma." Alisema hivyo akiwa anakaza spoki, bila kuinua kichwa, na sikupata la kumjibu.

Kilichomrudisha mtoto ni gurudumu. Jumapili jioni fundi alimtumia ujumbe kwamba kuna gurudumu la nyuma la kusuka upya, spoki arobaini, na kwamba amelihifadhi, hatalishika mwenyewe. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu mwanangu alikuwa ameshatoka. Alilisuka siku mbili, akalifumua lote mara moja baada ya kugundua spoki mbili amezivusha upande usio wake, akalisuka tena. Fundi alilinyoosha mwishoni, lakini kusuka alisuka mtoto. Aliendelea mpaka wiki ya Krismasi, kwa shilingi 2,000 kwa siku, na hizo hela alinunulia mkoba wake wa shule. Mkoba huo hauachi chini.

Kwa anayetaka kwenda: ni Ngamiani, barabara ya 13, utaiona rimu kwenye mwarobaini. Anafungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anafunga magharibi. Ijumaa anasimama kuanzia saa sita kwa ajili ya sala, anarudi saa nane. Jumapili yupo mpaka mchana. Nilivyolipa mimi: kuziba pancha 1,000, kunyoosha rimu 4,000, kuhudumia habu moja 5,000, kusuka gurudumu zima 10,000 bila bei ya spoki. Anazijua Phoenix na baiskeli nyingine za breki za vyuma kuliko fundi yeyote niliyewahi kukutana naye. Zile za gia anazifanya, lakini atakwambia mwenyewe kwamba bado anajifunza. Masika usiende mchana, kibanda kinavuja na huwa anafunika baiskeli za watu, yeye analowa. Ukitaka kuacha baiskeli fika kabla ya saa nne, maana akiona zilizopo zinamtosha siku hiyo hapokei nyingine, hata umbembeleze vipi.

Ningempa nne kati ya tano, na hiyo moja iliyobaki ni ya ile koni.

Chenji huwa hana, nenda na noti ndogo. Na ukiikuta sahani bado imefunikwa juu ya sanduku, mwambie ale kwanza. Benchi la jirani lina kivuli, utasubiri.